Ejo Saa Kumi

Mama Solange alinipigia simu mwezi mzima kabla ya harusi ya binti yake. "We Zai," alisema, "mutoto anaolewa. Na unajua sherehe iko wapi? Iko kwetu." Kwetu maana yake ile hoteli ya kilimani, juu ya mji wa Gisenyi, ambayo mimi na yeye tulifungiwa ndani yake ilipokuwa bado shimo, nguzo na mifuko ya saruji. Nilimwambia nitakuja. Kisha nikakaa na simu mkononi nikiwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani, maana Mama Solange hajawahi kunikosea hata siku moja. Tangu wakati ule nimepiga picha za majengo mengi, Kigali, Musanze, Huye, barabara na madaraja, na sijawahi kurudi kwenye jengo lile. Watu wakiniuliza nilianzaje kazi ya kurusha droni, nawatajia mafunzo, mwalimu wangu na cheti. Mwaka ule nauruka. Ni mwaka wa korona, kila mtu ana wa kwake, na sikuona sababu ya kuwachosha watu na wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mafundi waliniita rubani, kwa kunitania, kwa sababu ndege yangu ilienea kwenye mkoba. Wao waliiita kadege. Asubuhi kadege kakianza kuvuma utaona mtu aliyekuwa ameegemea sepetu anakumbuka ghafla kwamba sepetu ni ya kuchimbia. Kazi yenyewe haikuwa ya kuwachunga, ingawa hakuna aliyeniamini. Nilipima udongo. Kilima kile kilikatwa ili hoteli ipate pa kukaa, na kila siku malori yalihamisha udongo kutoka huku kwenda kule. Mimi nilirusha droni juu ya chungu zote, ikapiga picha mia na ushei, kompyuta ikaziunganisha, na Enjinia Kalisa akajua ni udongo kiasi gani umetoka na ukuta wa kuzuia kilima umeinama au umesimama. Ndani ya miezi michache nilikuwa nimejifunza kutazama chungu ya udongo na kujua habari zake: hii imemwagwa leo, ile imenyeshewa, hii ni ya shimo ambalo bado liko wazi, ile imerudishiwa ndani na kushindiliwa. Hata sasa siwezi kupita penye udongo uliofukuliwa bila kuutazama hivyo.

Siku mpaka wa Goma ulipofungwa tulipewa muda wa kuchagua. Ujenzi uliruhusiwa kuendelea kama wafanyakazi watalala ndani na lango halitafunguliwa ovyo. Anayetaka kwenda kwao aende saa hiyo. Kwetu mimi kulikuwa ng'ambo, Goma, kwa Mama Mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea; hilo linatosha kuhusu ukoo. Nilikuwa nikivuka kila jioni kwa miguu na watu wengine wote, na kurudi asubuhi, kama mtu anayevuka barabara. Nilimpigia simu kumwuliza. "Kaa na kazi," alisema. "Ukikuja huku utakaa unaniangalia nikishona. Ni wiki mbili tu." Wote tulisema wiki mbili. Enjinia alisema hivyo, redio ilisema hivyo, na mlinzi aliyevuta lile lango la bati alisema hivyo huku akitafuta minyororo mirefu zaidi.

Basi tukakaa. Chumba changu kilikuwa nusu ya kontena, nusu nyingine ni ofisi ya Enjinia, na kati yetu ubao mwembamba. Nililala kitanda cha juu, Mama Solange mpishi akalala cha chini, kwa kuwa tulikuwa wanawake wawili peke yetu. Dirisha lilitazama mifuko ya saruji iliyopangwa mpaka juu, kwa hiyo asubuhi iliingia ikiwa ya kijivu, na jioni ilikuwa ya kijivu vilevile. Mama Solange alitoka kwa wavuvi wa pwani ya ziwa, Mkristo wa kuimba, na aliimba akikoroga maharage, na aliimba pia akiwa usingizini, naapa. Tulikula maharage na viazi vya Bugeshi mchana, viazi vya Bugeshi na maharage jioni. Siku mtu wa boti alipofanikiwa kupitisha sambaza langoni, zile dagaa zetu za Kivu, harufu ya kukaanga ilipanda kiunzi chote na mafundi wakashuka kabla ya kengele. Ziwa tuliliona saa zote. Lilikuwa pale chini, bluu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kushuka kunawa uso.

Nilichukia nusu ya mambo yale na nitasema wazi. Nilichukia kikombe changu cha plastiki kilichonuka dizeli, na kusikia kila neno la Enjinia kupitia ubao, anapojibizana na tajiri mwenye hoteli aliyekuwa Kigali na hawezi kuja. Tajiri hakuwa na macho mengine zaidi ya droni yangu. Alitaka picha, alitaka picha tena, alitaka aone ukuta kutoka kushoto. Mafundi wa Cyanzarwe, ambao kwao ni mwendo wa asubuhi moja, walianza kubadilishana kwa zamu maalum ruhusa ilipopatikana. Fundi huyu akitoka mwingine anaingia. Mimi sikuwa na wa kubadilishana naye. Kibali cha kurusha kilikuwa na jina moja tu, jina langu. "Wewe ukitoka, Zaituni," Enjinia aliniambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka cha watu waliokulia Tanzania, "mradi huu unakuwa kipofu. Naomba unielewe." Nilimwelewa. Kumwelewa hakukunisaidia kitu.

Na droni yenyewe ilifungwa kama mimi. Kabla ya kuirusha unachora kwenye tableti uzio, mstari unaozunguka eneo uliloruhusiwa. Ikifika kwenye mstari inasimama hewani, inavuma palepale, hata usukume kijiti mpaka kidole kikuume. Mpaka wa Kongo ulikuwa karibu mno kwa hiyo mstari wetu upande ule ulipita juu ya ua wetu wenyewe. Kibali kilikataza kuvuka, na kilikataza kuielekeza kamera ng'ambo. Hata zile picha za kila mwisho wa mwezi, ambazo tajiri alizitaka ziwe nzuri, jengo mbele na ziwa nyuma na jua la saa kumi likiwa limelegea, zilinasa mapaa ya Goma kwenye kona ya kulia, na kila mwezi nilimsikia Enjinia akiikata ile kona kabla ya kuzituma.

Mama Mukubwa alijua habari ya kadege na aliipenda kuliko mimi. "Kanafika huku?" aliuliza.

"Hakafiki, Mama. Kana ukuta wake."

"Ukuta gani huko hewani? Mi nilikaona leo, kadogo kama nzi. Kalizunguka juu ya nyumba, nikakupungia mukono."

Alichokiona kilikuwa mwewe. Nilimwambia mara ya kwanza, akakataa, na mara ya pili nikanyamaza. Kila siku nilipopiga simu alikuwa ameshanipungia mkono, na alinisimulia majirani waliomcheka, na gauni la nani amelimaliza, na jinsi cherehani ilivyokuwa inamkatia uzi. Siku moja alisema kifua kinambana kidogo. "Ni baridi ya volkano tu," alisema, akarudi kwenye habari ya cherehani. Nilikuwa natazama paa lake tunapozungumza, au nilidhani ni lake, katika yale mabati yote.

Sasa mambo ya siku zile tatu, nitayasema kwa mpangilio yalivyokuja. Siku ya kwanza ilikuwa ya picha za mwisho wa mwezi. Nilirusha saa kumi, hali ya hewa nzuri, droni ikapiga picha zake ikatua, Mama Solange akaniletea chai ya tangawizi, nikanywa nikiwa na furaha kidogo bila sababu. Siku ya pili asubuhi nikawasha simu nikakuta ujumbe wa Asumani, mtoto wa Mama Mukubwa: "Zai, Mama ametuacha. Maziko ejo saa kumi. Tuombe dua."

Kwetu tunachanganya. Kiswahili cha nyumbani kimejaa Kinyarwanda na Kifaransa na hakuna anayeona haya. Na ejo, kwa asiyejua, ni neno la Kinyarwanda lenye kazi mbili: ni jana, na ni kesho. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha ni ipi. Tulikwenda ejo, tutakwenda ejo, hakuna anayepotea. Asumani hakuandika kitenzi. Mimi nikasoma kesho. Nikampigia, simu yake imezimwa, na kwa kawaida umeme ukikatika Goma simu za nyumba zile huzimika moja baada ya nyingine. Nikapiga ya Mama Mukubwa, ikaita mpaka ikakata yenyewe. Namba nyingine sikuwa nayo. Ningeweza kukumbuka kwamba Waislamu hatulazi maiti, anayekufa asubuhi anazikwa kabla ya magharibi. Sikukumbuka, au nilikumbuka nikajijibu haraka: korona imechelewesha kila kitu, vibali vya kila kitu, kwa nini isicheleweshe na maziko. Nilitaka iwe kesho. Kesho ni siku ambayo mtu bado anaweza kufanya jambo.

Mama Solange alinikuta nimekaa chini, mgongo kwenye mifuko ya saruji. Alisoma ujumbe mwenyewe, akakaa karibu yangu na aproni yake yenye unga, na hakuimba. Baadaye alileta sahani. "Kula, Zai. Mutu mwenye njaa hawezi kulia muzuri." Nilikula, nikalia, na alikuwa amesema kweli. Mafundi walipita wakisema pole, mmojammoja, wengine wakiwa wamevua kofia ngumu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kunitazama bila kufikiri nimewapiga picha.

Mchana nilimwendea Enjinia. Nilisimama upande wake wa ubao, ambako nilikuwa nimekwenda mara nyingi kupokea amri, nikamwambia kwamba makaburi ya Waislamu ng'ambo yanaonekana ukipanda juu vya kutosha, yako kwenye mteremko wa mawe meusi, si mbali na mpaka. Sitavuka. Nitapanda tu, ndani ya uzio, na nitageuza kamera. Nataka kuona jeneza likipita. Alikuwa mtu wa sheria, ndiyo maana ukuta wake bado umesimama. "Zaituni, wakiona kamera imegeuzwa upande ule, hawatauliza kama ulikuwa msibani. Watauliza jina lililo kwenye kibali."

"Najua. Ni langu."

Nilimwambia pia jambo ambalo sikuwa nimepanga kumwambia, kwamba hata mpaka ungekuwa wazi nisingefika makaburini, maana kwetu wanawake hubaki nyumbani siku ya maziko. Ningekuwa na wenzangu chumbani, ningesaidia kumwosha, ningesikia wanaume wakiondoka naye. Hayo yote yamenipita. Imebaki njia moja, nayo ni ya hewani. Enjinia alikunja ramani iliyokuwa mbele yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Kesho saa kumi," alisema, "nahitaji picha ya kichwa cha ukuta. Kutoka juu sana. Kamera itaelekea wapi ikiwa njiani, mimi nitakuwa nimekaa hapa ndani na hesabu zangu."

Hakukaa ndani. Siku ya tatu nilipowasha droni alikuwa ameshasimama nyuma yangu, kofia mkononi, na Mama Solange alikuja bila aproni, amevaa kitenge chake cha kanisani. Tukawa waombolezaji watatu mbele ya tableti. Niliipandisha mpaka ikagoma. Nikageuza kamera. Mapaa, barabara tupu ya korona, kisha ule mteremko mweusi. Nikavuta picha karibu kadiri kamera ilivyoruhusu. Hapakuwa na watu. Kulikuwa na mbuzi wawili na mti mmoja mnyonge. "Watakuja," alisema Mama Solange. "Batu ya maziko wanachelewaka." Tukangoja. Betri ilianza kulia na mimi nikawa naitazama ile chungu ndogo ya udongo mpya upande wa chini, nikijiambia hapo ndipo wamechimba, hapo ndipo watamleta.

Lakini kazi yangu ilikuwa kusoma chungu. Shimo lililo wazi udongo wake uko kando, na pembeni kuna giza la shimo. Pale hapakuwa na giza. Udongo ulikuwa juu, mrefu, umelainishwa na mikono, na kingo zake zilikuwa zimeshaanza kukauka, rangi mbili, kama chungu zetu zinavyokauka siku ya pili. Nilijua kabla ya mtu yeyote kuniambia. Nikasema, "Ameshazikwa." Enjinia akasema pengine ni kaburi la mtu mwingine. Nikasema hapana. Kwa nini nilikuwa na hakika kwamba ni lake na si la mwingine sijui hata leo, ila udongo mpya ulikuwa ule peke yake. Droni ikarudi yenyewe betri ilipokwisha, ikatua miguuni kwangu, na hakuna aliyeiokota.

Jioni umeme ulirudi Goma na Asumani akapiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala kwa mara ya kwanza. "We Zai, mbona kimya? Nilikuandikia."

"Uliandika ejo."

"Ndiyo, ejo. Nilikuandikia asubui, tulikuwa tumemuzika ejo. Alianguka alfajiri, saa kumi ya jioni tukamupeleka." Kisha akaelewa. Nilisikia anavyoelewa, pumzi ilibadilika. "Ulidhani ejo ya mbele," alisema. "Zai, nisamehe. Sikuwa na akili ya kuandika." Sikumkasirikia. Nilikasirikia neno. Nimelisema maisha yangu yote bila kulitilia shaka, na siku moja tu niliyolihitaji likanigeuka. Nililia kwa sauti mpaka mafundi upande wa pili wa ua wakazima redio.

Ni Mama Solange aliyesema. Alikuwa ameketi kitanda cha chini, anakunja kile kitenge cha kanisani. "Lakini Zai, ile siku, saa kumi, we ulikuwa wapi? Mi nilikuletea chai."

Nilikuwa juu. Nilikuwa napiga picha za tajiri, jengo mbele na ziwa nyuma. Tuligonga ubao, Enjinia akafungua kompyuta. Alikuwa bado hajaikata ile kona. Alikuza picha, akakuza tena, na kule kuliani, ng'ambo, kwenye njia ya mawe meusi, walikuwepo. Wachache, maana korona haikuruhusu wengi. Vitone vyeupe vya kanzu, viwili viwili, na katikati yao kitu kirefu kilichofunikwa kijani. Picha iliyofuata walikuwa wamesogea kidogo. Iliyofuata wamefika penye ule mti mnyonge. Nilikuwa nimewapiga picha nikiwa na furaha yangu kidogo isiyo na sababu, nikifikiria chai. Miezi yote ile alikuwa ananipungia mkono nisipokuwepo, na siku nilipokuwepo kweli alikuwa amefunikwa. Nilimwambia Enjinia hivyo. Alinipa kiti chake. Nilisoma Fatiha mbele ya kompyuta, na wale Wakristo wawili wakainamisha vichwa mpaka nikamaliza.

Asubuhi Enjinia alifanya alichotakiwa kufanya. Picha zilizoonyesha ng'ambo hazikuruhusiwa kubaki, na ukaguzi ulikuwa unakuja. Aliniuliza kama nataka kuwa pale. Nilitaka. Alikata ile kona kwenye picha moja nzuri kuliko zote, akaituma kwa tajiri, na zile nyingine akazifuta mbele yangu moja baada ya moja, polepole, akiniacha nitazame kila moja kwa muda nilioutaka. Mpaka ulifunguliwa baadaye sana. Nilipovuka nilikuta kaburi limeota majani, na cherehani imefunikwa shuka.

Harusi ilikuwa nzuri. Binti wa Mama Solange alivaa mushanana rangi ya dhahabu na mama yake aliimba mpaka wapiga muziki wakamwachia kipaza sauti. Enjinia Kalisa alikuwepo, nywele zimekuwa nyeupe, akanionyesha kwa kidole ukuta wake kupitia dirishani kama baba anayeonyesha mtoto aliyefaulu. Tulikula sambaza kwenye sahani za kauri, na Mama Solange akapita kunong'ona kwamba wapishi wa siku hizi hawajui chumvi. Nilicheka kweli. Halafu nikauliza maliwato yako wapi, nikaelekezwa ujia wenye zulia, na pale katikati ya ujia ile picha ikawa imetundikwa, kubwa, kwenye fremu nyeusi: hoteli ikiwa bado nguzo na kiunzi, ziwa nyuma, jua la saa kumi. Chini wameandika ni kumbukumbu ya ujenzi. Hawakuandika nani alipiga.

Nilisogea karibu. Upande wa kulia picha inaishia kwenye bati la ua wetu, palepale ambapo mkono wa Enjinia ulikata, na baada ya hapo ni mbao ya fremu, na baada ya mbao ni ukuta wa ujia, rangi ya maziwa, mtupu. Nikapima kwa macho, kama ninavyopima kazini. Nikaweka kiganja ukutani, nje ya fremu, kiasi cha shibiri mbili, pale ambapo njia ya mawe meusi ingepita. Kijana wa hoteli alikuwa anapita na trei ya glasi, akasimama. "Mama, unatafuta taa? Iko upande ile ingine."

Nikamwambia hapana, sitafuti taa, kuna watu wangu hapa nawasalimia. Alitazama ukuta, akanitazama mimi, akaenda zake na glasi zake.